Fedha za wimbo wa kwaya ni za nani? Haki na thawabu katika kazi tunazoshirikisha mtandaoni



Miaka michache iliyopita, swali la kwaya zetu lilikuwa moja: tutapata wapi fedha za studio na mega za kutuma video? Leo limekuja swali la pili, nalo ni gumu kuliko lile la kwanza: wimbo ukishatazamwa na watu wengi, thawabu yake ni ya nani? Tumeulizwa hivyo hapa Lubumbashi, na wachungaji wenzetu wa Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma wanakutana na swali hilo hilo. Mahali pengine limekwisha kugawanya kwaya.

Katika makala hii tunaeleza jinsi mitandao inavyohesabu na kulipa, historia inatufundisha nini, sheria ya nchi yetu inasema nini, na Neno la Mungu linatuongoza wapi. Mwishoni tunaweka hatua ambazo komite ya kwaya inaweza kuzisoma pamoja na kuzifuata.

Habari inayojirudia

Habari yenyewe karibu kila mara ni hii. Dada mmoja anapata wimbo akiwa nyumbani kwake, anauimba mbele ya kwaya, unapendwa. Mpiga kinanda anautafutia muziki. Waimbaji thelathini wanafanya mazoezi kwa miezi miwili, wanachanga fedha za studio na za sare. Kijana mwenye kamera anapiga picha, anaunganisha video usiku kucha, kisha anaipakia kwenye chaneli aliyoifungua kwa jina lake, kwa namba ya simu yake. Siku ile hakuna anayeona ubaya, kwa maana hakuna fedha.

Baada ya mwaka, wimbo umevuka mipaka. Unaimbwa Kigoma, Bujumbura, hata Ulaya kwa ndugu walio ughaibuni. Kijana anaanza kupokea kitu kidogo. Dada aliyetunga anasikia habari hiyo kwa watu wa nje. Waimbaji wanasema, "Sauti ni zetu." Mwenye kamera anasema, "Bila mimi mngebaki mnaimba hapo hapo." Mchungaji anasema, "Wimbo ni wa Bwana, nyamazeni." Na kila mmoja ana sehemu ya ukweli mkononi.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia kuiba. Kosa liko katika siku ile ya kwanza: kazi ilitoka nje kabla watu hawajapatana. Hilo ndilo jambo kuu la makala hii, na yote yanayofuata yanalielezea.

Thawabu ni za aina tatu

Watu wanaposema "thawabu" katika kazi za mtandao, huchanganya mambo matatu ambayo inafaa kuyatenganisha.

Ya kwanza ni jina: ijulikane nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga kinanda, nani alirekodi. Ya pili ni shukrani: maoni ya watazamaji, alama za kupenda, mwaliko wa kuimba kwenye mkutano mkubwa. Ya tatu ni fedha.

Ugomvi mwingi tuliousikiliza ulianza kwenye aina ya kwanza, ingawa ulionekana ni wa fedha. Mtunzi anaweza kusamehe dola, lakini kuona wimbo wake chini ya jina la mtu mwingine kunamchoma moyo. Nasi tukumbuke kwamba jina halina gharama. Kanisa lisiloweza kulipa hata franka moja bado linaweza kuandika jina.

Mtandao unahesabuje?

Tuanze na YouTube, ambako kwaya nyingi ziko. Mpango wake wa kugawana mapato ulianza mwaka 2007. Tangu 2018, ili chaneli ipate fungu la matangazo, lazima iwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Tufanye hesabu: wimbo wa dakika 6 unatakiwa kutazamwa hadi mwisho mara 40,000 ndipo ufikishe saa 4,000. Iko pia njia ya video fupi: kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90.

Chaneli ikikubaliwa, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu, na YouTube hubaki na 45. Fedha hazitumwi mpaka zifike kiwango cha chini, ambacho kwa wanaolipwa kwa dola ni 100. Mpango huu pia haupo kwa kila nchi. YouTube ina orodha yake ya nchi, na komite iitazame kabla ya kuwaahidi watu chochote. Ndiyo maana chaneli nyingine za kwaya zimefunguliwa kwa akaunti ya ndugu anayeishi nchi nyingine, jambo linaloongeza hatari tutakayoizungumzia chini.

Spotify hufanya kwa namna nyingine. Hukusanya fedha za wasikilizaji katika chungu kimoja, kisha hugawa kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa. Tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haupati kitu kutoka fungu la waliorekodi.

TikTok ina zawadi ambazo watazamaji huzirusha wakati wa matangazo ya moja kwa moja. Mwezi Oktoba 2022, BBC ilitangaza uchunguzi wake juu ya familia za wakimbizi wa Syria zilizokuwa zikiomba msaada kwa njia hiyo. Iligundua kwamba hadi asilimia 70 ya thamani ya zawadi ilibaki kwa kampuni. Mshirika anayerusha zawadi kwa mtumishi wa Mungu akidhani yote imefika, ajue kwamba sehemu kubwa inaweza kubaki njiani.

Sasa angalieni kitu kimoja kilicho chini ya hesabu hizi zote. Mitandao inahesabu watazamaji na muda wao, na nchi wanayotazamia, kwa maana mtangazaji hulipa zaidi ili kumfikia mnunuzi wa Brussels kuliko wa Bukavu. Haihesabu mazoezi, wala michango ya sare, wala usiku ambao mtunzi hakulala. Haihesabu pia watu wetu wenyewe vizuri. Mama kumi wakizunguka simu moja baada ya ibada, ni mtazamaji mmoja. Wimbo ukihamishwa kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu mpaka kijiji cha mwisho, ni sifuri. Wimbo unaopendwa kuliko zote katika vijiji vya Fizi unaweza usilete hata senti.

Sisi wa Katanga hatushangai sana. Kobalti iliyo katika betri za simu hizi inatoka Kolwezi na Likasi, na bei yake hupangwa mbali na wanaoichimba. Komite ya kwaya haiwezi kubadilisha hesabu za kampuni kubwa. Lakini kinachoingia mlangoni mwetu, kiwe kingi au kidogo, tunakigawa sisi. Hapo hatuna wa kumlaumu.

Hesabu huzaa hesabu

Wengi hudhani kwamba wimbo wenye watazamaji wengi ndio mzuri, au ndio "wenye upako." Mwaka 2006 wataalamu watatu, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha katika jarida la Science jaribio walilofanya na watu zaidi ya 14,000. Waliwapa nyimbo 48 za vikundi visivyojulikana. Wengine waliona idadi ya waliopakua kila wimbo kabla yao, wengine hawakuona. Tena, walioona idadi waligawanywa katika makundi nane, kila kundi na hesabu zake.

Matokeo yalikuwa wazi. Watu walipoona idadi, walifuata idadi, na nyimbo chache zikaacha nyingine mbali. Na wimbo uliokuwa juu katika kundi moja uliweza kuwa chini katika kundi lingine. Nyimbo zilizopimwa kuwa nzuri sana hazikuanguka kabisa, na mbaya sana hazikupanda juu, lakini kati ya hizo karibu lolote liliwezekana. Walioanza mbele waliendelea mbele.

Kwa kanisa hili ni onyo. Tusimpime mtumishi kwa idadi ya watazamaji, na tusigawe heshima katika kwaya kwa kufuata video iliyotangulia kupata bahati.

Zawadi inayojenga na zawadi inayoharibu

Mfano mzuri wa zawadi katika kazi ya pamoja mtandaoni tunao katika lugha yetu wenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ni kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea. Hakuna anayelipwa, kila mtu anaruhusiwa kuitumia, na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya. Hapo thawabu ni jina na shukrani tu.

Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania waandike makala za Wikipedia kwa Kiswahili. Zawadi zilikuwa vitu kama kompyuta ya mkononi, simu na modemu. Shindano lilipoisha mwanzoni mwa 2010, mamia ya makala mapya yalikuwa yamepatikana. Hilo lilikuwa faida. Lakini wengi wa washindani hawakurudi tena, na baadhi ya makala yalikuwa tafsiri za mashine. Kuyasahihisha kulibaki mikononi mwa wale wale wa kujitolea waliokuwapo kabla ya kompyuta kutolewa, na ambao hawakupewa kitu.

Upande wa pili, mwaka 2012 watafiti wawili, Restivo na van de Rijt, walichapisha jaribio kuhusu Wikipedia ya Kiingereza. Huko waandishi huwekeana alama ya nyota kama shukrani, isiyo na thamani ya fedha. Watafiti walichukua waandishi 200 kati ya wenye bidii sana, wakawapa nyota nusu yao, bila kuchagua nani anastahili zaidi. Katika siku 90 zilizofuata, waliopewa nyota walifanya kazi kwa asilimia 60 zaidi ya wenzao.

Tunajifunza mambo mawili. Shukrani ya kweli kutoka kwa wanaofanya kazi hiyo hiyo ina nguvu ambayo wengi hawaidhanii. Na zawadi inayowafikia wageni huku ikiwaruka waliobeba mzigo kila siku huacha kidonda, hata kama aliyeitoa alikuwa na nia njema. Kanisa likialika mwimbaji wa mbali na kumpa bahasha, huku kwaya yake ikirudi nyumbani kwa miguu bila hata neno la asante, linafanya jambo lile lile.

Kabla ya intaneti: Likasi na Johannesburg

Shida hii ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 katika nchi ya Bayeke. Wimbo wake Masanga ulienda mbali, na wapiga gitaa wa Afrika, Ulaya na Amerika wakajifunza kwake. Tracey alikuwa na desturi ya kuandika jina la mwimbaji, mahali na lugha kwa kila wimbo alioukusanya. Kwa hiyo hata leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, mtu akiusikia popote duniani anaweza kujua kwamba unatoka kwa Mwenda wa Katanga.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mwaka 1939, Solomon Linda alirekodi wimbo Mbube huko Johannesburg. Mwaka 1952 haki za wimbo huo zilipita kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo ulibadilishwa majina, ukaimbwa Marekani, ukaingia hata katika filamu kubwa ya Disney ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Mapatano ya kuwalipa warithi wake yalipatikana mwaka 2006, baada ya kesi mahakamani, miaka 44 tangu kifo chake.

Hatuna budi kuwaambia vijana wetu: saini moja inaweza kuchukua matunda ya miaka mingi, na mstari mmoja wenye jina unaweza kuyalinda.

Sheria ya nchi inasema nini?

Wapo wanaosema wimbo wa kanisa hauna mwenyewe. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi pamoja na zile zinazoitwa haki za jirani, yaani haki za waimbaji, wapigaji vyombo na waliogharimia kurekodi. Haitenganishi wimbo wa dini na wimbo wa dunia. Mtunzi ana haki za namna mbili: haki ya jina na heshima ya kazi yake, na haki ya faida. Ya faida anaweza kuiuza au kuitoa. Ya jina inabaki yake.

Chombo cha kukusanya haki hizo kilikuwa SONECA, iliyoundwa mwaka 1969. Tangu 2011 ni SOCODA. Nchi yetu pia imo katika Mkataba wa Berne, unaolinda kazi ya mtunzi kwa uchache miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo nyimbo za zamani za vitabuni, ambazo watunzi na watafsiri wake walikufa zamani sana, nyingi ziko huru. Lakini muziki mpya uliotengenezwa na studio juu ya wimbo huo wa zamani una mwenyewe.

Hapo ndipo kwaya nyingi hukwama. Tangu 2007 YouTube ina mashine iitwayo Content ID, inayolinganisha kila video na kazi zilizosajiliwa. Studio ikikuuzia muziki ambao imewauzia watu wengine watano, na mmoja wao akausajili, mashine itamtambua yeye kuwa mwenyewe, na fedha za video yako zitaelekea kwake. Mnaweza kupinga dai hilo. Mkipinga ndani ya siku 5, fedha hushikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai mpaka jambo liishe, na aliyedai ana siku 30 za kujibu. Bila karatasi ya studio mkononi, mtapinga kwa maneno matupu.

Neno la Mungu linatuongoza wapi?

Watu wengi katika mambo haya hukimbilia Mathayo 20, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ili kumwambia anayelalamika anyamaze. Tuusome vizuri. Mwenye shamba alipatana na wafanyakazi wa kwanza asubuhi, kabla hawajaanza. Jioni ile ile aliwalipa wote, hakumwacha hata mmoja. Wa kwanza walipata kamili kile walichopatana. Ukarimu wake kwa wa mwisho ulitoka katika mali yake mwenyewe, hakuutoa katika ujira wa mwingine. Mfano huo hauwezi kumtetea mtu anayechelewesha au kuficha haki ya mwenzake. Torati ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata usiku mmoja (Walawi 19:13), na Yakobo anasema ujira uliozuiwa unalia (Yakobo 5:4).

Andiko linalogusa hali yetu kwa karibu zaidi ni 1 Samweli 30. Daudi alifuata adui akiwa na watu 600. Kwenye kijito cha Besori 200 walichoka, wakabaki na mizigo, na 400 wakaendelea. Waliporudi na nyara, baadhi ya waliopigana wakasema waliobaki wasipewe chochote ila wake zao na watoto wao. Daudi alikataa. Aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wapate sawa, na akaifanya iwe amri katika Israeli. Hoja yake ilikuwa kwamba nyara zile ni Bwana aliyewapa. Ona basi: neno lile lile, "ni la Bwana," ambalo sisi hulitumia kumnyima mtu, Daudi alilitumia kumgawia.

Katika kwaya zetu, nani amekaa na vyombo? Ni mama aliyepika siku ya kurekodi, mlinzi wa jenereta, fundi wa sauti, mwimbaji wa safu ya nyuma ambaye kamera haikumfikia.

Juu ya jina, Maandiko hayana aibu ya kutaja mafundi. Besaleli na Oholiabu wametajwa kwa majina katika kazi ya hema (Kutoka 31). Tertio, aliyeshika kalamu Paulo alipotunga waraka kwa Warumi, ameweka jina lake ndani yake (Warumi 16:22). Kutaja jina la aliyefanya kazi hakumpunguzii Mungu utukufu.

Na kujitolea je? Paulo katika 1 Wakorintho 9 anathibitisha kwamba mhubiri ana haki ya kupata riziki, kisha anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Aliyeacha ni mwenye haki. Mtu hawezi kuacha haki ya mwingine kisha akaita jambo hilo sadaka. Kama dada mtunzi anataka kumtolea Bwana fungu lake lote, libarikiwe. Lakini aulizwe kwanza, na ajibu kwa hiari.

Hatua za kupatana kabla ya kupakia

1. Andikeni majina siku ya kurekodi. Mtunzi wa maneno, mtunzi wa sauti, wapigaji, waimbaji wote, fundi, mwenye kamera. Karatasi moja, tarehe, saini. Orodha hiyo iwekwe pia chini ya video.

2. Chaneli iwe ya kwaya au ya kanisa. Ifunguliwe kwa barua pepe ya kwaya, na watu wasiopungua watatu wajue namna ya kuingia. Namba ya simu ya kurudishia akaunti isiwe ya mtu mmoja tu.

3. Kama akaunti inapitia kwa ndugu aliye nchi nyingine, aandike kwamba anaitunza kwa niaba ya kwaya, na atume taarifa ya mapato kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni sifuri.

4. Ombeni karatasi ya studio. Iseme muziki ni wenu peke yenu au umeuzwa kwa wengine pia, na kama mnaruhusiwa kupata faida nao.

5. Patanani mgao kabla fedha hazijaja. Gharama zitangulie, kisha mafungu. Kwa mfano, zikiingia dola 100 na gharama ni 30, zimebaki 70. Mkizigawa katika mafungu 10 ya dola 7: mtunzi mafungu 2, waimbaji na wapigaji 5, kamera na uhariri 1, mfuko wa kanisa 2. Huo ni mfano tu. Kila kwaya ipatane kwa hali yake, lakini ipatane.

6. Wazazi wa watoto waulizwe. Uso wa mtoto usipakiwe bila ruhusa ya mzazi au mlezi wake.

7. Fungu la marehemu liende kwa familia yake. Mjane na yatima wasije wakasikia sauti ya baba yao redioni huku wao hawajui chochote.

8. Mtunza hazina asome hesabu mbele ya kwaya yote mara moja kwa mwaka, pamoja na ukurasa wa mapato wenyewe. Hata kama ni dola 11, zisomwe.

9. Shukuruni hadharani. Mara moja kwa mwaka, ibadani, tajeni majina ya waliofanya kazi isiyoonekana.

Kwaya zilizotawanyika, na ugomvi uliokwisha kuanza

Makanisa ya mashariki yana mzigo ambao mengine hayana. Vita imetawanya kwaya nzima. Wimbo uko mtandaoni, lakini sauti ya kwanza iko Nyarugusu, ya pili iko Nakivale, mpiga kinanda yuko hapa Lubumbashi, na mwingine hatujui aliko. Ni rahisi sana aliyebaki na simu awe ndiye "kwaya." Tunawasihi wachungaji watafute orodha ya waimbaji, hata kwa kumbukumbu, na waiandike sasa. Fungu la asiyepatikana liwekwe kando kwa muda ambao kanisa litapanga, lisigawanywe mwezi wa kwanza. Kwa aliye kambini, dola 5 zenye ujumbe "hii ni ya wimbo wetu" ni zaidi ya dola 5. Zinamwambia kwamba bado anahesabiwa.

Pale ugomvi umekwisha kuanza, fuateni njia ya Mathayo 18: wawili kwanza, kisha mashahidi, kisha kanisa. Msianze kwenye maoni ya YouTube au kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye chaneli alete ukurasa wa mapato, aliyechanga alete hesabu ya gharama, na mtunzi asikilizwe wa kwanza, kwa maana mara nyingi yeye ndiye aliyenyamaza muda mrefu. Kama jina lilifutwa, lirudishwe siku hiyo hiyo, kabla ya kuzungumza fedha. Tumeona hatua hiyo peke yake ikilainisha mioyo.

Mchungaji naye asijifanye mwamuzi katika jambo ambalo kanisa lake linapata fungu. Amwite mwenzake wa kanisa jirani asikilize.

Wapendwa, mazoezi ya wimbo unaofuata yataanza Alhamisi au Jumamosi, kama kawaida. Kabla ya kupiga kinanda, mwenye kiti wa kwaya achukue karatasi moja, asome hatua hizi tisa, kila mtu aseme lake, na watie saini. Ni kazi ya nusu saa. Bwana awape moyo wa haki, na sauti zenu ziendelee kumtukuza.